Mkono Uliohamiwa

Kucha za Silvana zilikuwa na manyoya.

Muuguzi Atuganile aliyaona asubuhi alipokuwa akimwosha mkono wa kulia ndani ya beseni, akadhani ni nyuzi za blanketi. Akayachomoa kwa kibanio, moja moja, akayaweka juu ya pamba. Yalikuwa mafupi, ya kijivu, na yamegandamana kwa damu.

"Ulimshika paka jana?" aliuliza.

"Paka sijamwona tangu juzi, dada nesi. Labda kaenda kutafuta mume."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa Juni 1976, baridi ya Ufipa imekolea, na kicheko kiliwatoka na mvuke mdomoni. Lakini Atuganile alipouinua ule mkono aufute, kicheko kilimwishia. Ulinuka kwato iliyoungua.

Paka yule aliletwa na Atuganile mwenyewe, ndani ya kikapu, juu ya baiskeli. Ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Serikali ilimtoa Tukuyu ikampeleka Rukwa, mkoa ambao ndio kwanza umeanzishwa, awe muuguzi wa ukoma. Asikae hospitalini kungoja watu, bali awafuate kwao kijiji kwa kijiji, na vidonge vyake na bandeji zake. Ukoma huua hisia za mikono na miguu. Mgonjwa hushika sufuria la moto asijue, hulala panya wakamtafuna vidole asishtuke. Kwa hiyo Atuganile aligawa paka, na kila nyumba aliyoingia alirudia maneno yale yale: "Usichokihisi, kitazame. Macho yako ndiyo ngozi yako sasa."

Silvana alikuwa mgonjwa wake wa fahari. Kwa miaka sita aliishi peke yake katika kibanda cha korongoni, akiletewa chakula na kuwekewa mbali. Operesheni ya vijiji ilipowakusanya watu wote katika kijiji cha ujamaa cha Mwanzimba, upande wa Matai, hakuna aliyetaka kukusanywa pamoja naye. Atuganile alisimama mbele ya mkutano, akala ugali wa ulezi sahani moja na Silvana mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akaapa kwamba dawa imekwisha kuukata ugonjwa, kwamba mama huyu haambukizi tena, na kwamba mkono wake uliobaki na ganzi hautaharibika zaidi. Leonsi, mumewe, mtu mpole asiyejua kusema mbele za watu, alilia waziwazi.

Mwenyekiti wa kijiji, Theodory, alikubali kwa sharti. "Miezi mitatu, ndugu muuguzi. Ugonjwa ukiendelea kuula mkono huo, mama anarudi korongoni na mtoto anabaki hapa."

Mtoto alikuwa Cornelia. Alikuwa na mwaka mmoja mama yake alipoondolewa, na sasa, akiwa na saba, alikuwa amemjua mama huyo kwa miezi miwili tu. Alimfuata kila mahali ameshika upindo wa kitenge chake, hata chooni, na Silvana hakumkataza.

Jioni ya siku ile Leonsi alimwona paka nyuma ya kihenge. Shingo ilikuwa imesokotwa hata uso ukaelekea mkiani.

Wiki iliyofuata Atuganile alikuta vifundo vya mkono ule vimechubuka, kama vya mtu aliyepiga ngumi ukutani. Damu ilimchemka. Aliwajua wanaume wanaolia mkutanoni kisha wakapiga wake zao nyumbani. Akamvuta Leonsi nje, mbali na masikio ya mtoto.

"Unampiga mkeo?"

Leonsi alifungua vifungo vya shati, na Atuganile akaona michirizi mitano mibichi iliyoshuka kutoka begani mpaka karibu na kitovu.

"Mimi ndiye ninayepigwa, sista," alinong'ona. "Naye kalala. Nikimwamsha ananiuliza nimepatwa na nini."

"Basi anaota."

"Unaoota ni mkono. Mwenyewe anakoroma."

Atuganile alimwambia ni misuli, misuli iliyokaa vibaya hujikaza yenyewe usingizini, na alimwambia kwa sauti ya darasani ambayo hata yeye hakuiamini. Leonsi alimsikiliza kwa heshima zote. Siku mbili baadaye akamleta sing'anga.

Mganga huyo, mzee Kasimiri, alitembea kutoka Kasense na mkoba wa ngozi begani. Atuganile alikasirika, lakini alibaki, akae pale ahakikishe hakuna wembe mchafu utakaogusa ngozi ya mgonjwa wake. Kasimiri hakutoa wembe. Aliunusa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, akakunja uso.

"Mwenyewe ameuhama mkono huu," alisema. "Nyumba mlizoziacha kule mlikotoka, mnadhani ziko tupu? Huko korongoni kulikuwa na jini. Liliona mlango wazi na ndani hamna mtu, likaingia. Nalo halipendi kutazamwa. Mama akiutazama mkono, linatulia. Akiangalia kando, mkono si wake."

Maneno yale yalikuwa karibu mno na yale ambayo Atuganile aliyahubiri kila siku.

"Sasa nitamgeuza uso ukutani, nizungumze nalo."

"Mzee, heshima yako naitambua, lakini usimgeuze," Atuganile alisema, na papo hapo akagundua kwamba ameshaamini.

Kasimiri aliufunga mkono kwenye nguzo kwa kamba ya katani, mizunguko minne. Akamgeuza Silvana uso. Kwa muda hakukusikika kitu ila upepo kwenye nyasi za paa. Kisha kamba ikaanza kulia, uzi baada ya uzi, na kabla mzee hajamaliza kuvuta pumzi ya kusema neno la kwanza, mkono ulikwisha kuchomoka, ukaunyakua mchi uliosimama kwenye kinu ambao wanawake wawili wa Kifipa hupokezana kwa uzito wake, ukauzungusha mara moja tu, na taya la Kasimiri likahama upande mwingine wa uso wake. Meno yalidondoka kwenye majivu. Silvana aligeuka kwa kishindo kile, akatazama, na mchi ukaanguka sakafuni kutoka katika vidole vilivyojikunja tena, vikavu, vya mgonjwa.

"Nimefanya nini?" alilia. "Baba Cornelia, nimefanya nini?"

Kasimiri alifungwa bandeji, akaondoka bila kudai hata kuku.

Tangu hapo Silvana hakulala. Aliketi ameupakata mkono mapajani, anaukodolea macho mekundu, na Leonsi alimlisha kama mtoto ili asitazame sahani. Cornelia alipelekwa kwa bibi yake, nyumba tatu mbele. Lakini mtoto aliyekosa mama miaka sita hafungiki, na Alhamisi, wakati kijiji kizima kimekwenda shamba la ujamaa kuvuna ulezi, alitoroka mchana kweupe akarudi kwao.

Atuganile alifika na baiskeli yake karibu saa sita. Kijiji kilikuwa kimya, hata kuku hawakuonekana. Harufu ya kwato ilimpokea nje, mbele ya mlango, nzito kiasi cha kumjaza mate. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, kama wa mtu anayeburuta visigino kwenye udongo, ukianza na kukoma, ukianza na kukoma, na alipousukuma mlango na jua likaingia pamoja naye alimwona Silvana ameegemea ukuta, kinywa wazi, usingizi wa siku nne umemwangusha, na kutoka begani mwake mkono ulikuwa umenyooka mbele kupita urefu wa mkono wowote wa binadamu aliyewahi kuuosha, vidole vilivyokuwa vimekufa na kujikunja miaka mingi sasa vimekunjuka vyote vitano, vimemzunguka Cornelia shingo kwa nyuma, vimemwinua hata miguu yake ikawa inagusa sakafu kwa vidole tu, ikiburuzika, na uso wa mtoto ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau.

"Silvana! Amka! Utazame!"

Hakuamka. Leonsi, aliyekuwa nyuma ya nyumba akichanja kuni, aliingia mbio na panga, akalitupa alipoona mtoto, akaudandia mkono kwa uzito wake wote. Ulimwachia mtoto kwa kidole kimoja tu, cha gumba, na gumba hilo likamkandamiza Leonsi mkono wake wa kushoto kwenye nguzo mpaka mfupa ukatoa sauti ya kijiti kikavu. Alipiga yowe. Atuganile alinyakua beseni la maji baridi akammwagia Silvana usoni, na Silvana akafumbua macho, akaona.

Vidole vikalegea. Cornelia alianguka kifudifudi, akakohoa, akatapika, akapumua, kisha akazimia.

Silvana hakulia safari hii. Aliukazia mkono macho, maji yakimdondoka kwenye kope.

"Ukate, dada nesi."

"Silvana..."

"Sina nguvu ya kukesha hata leo. Nikisinzia utamrudia. Ukate nikiwa natazama."

Atuganile alijua anachoombwa. Mkono ule ndio aliouapia mbele ya kijiji. Kuupoteza ni kumrudisha mama huyu korongoni. Kuuacha ni kumzika mtoto. Daktari alikuwa Sumbawanga, mwendo wa siku nzima, na Silvana hakuwa na siku nzima machoni mwake. Alichukua mpira wa akiba wa baiskeli, akaufunga juu kidogo ya kifundo cha mkono, akakaza mpaka ngozi ikapauka. Akauweka mkono juu ya jiwe la kusagia, akaokota panga.

"Hutahisi," alisema.

"Najua. Piga."

Pigo la kwanza halikumaliza kazi. Na aliyelia hakuwa Silvana. Kilio kilitoka chini ya ngozi ya mkono wenyewe, kizito, cha dume, kikapanda hata vyungu vikapasuka kwenye uchaga, na damu iliruka ikamwingia Silvana jichoni, naye, kama binadamu yeyote, akapepesa. Kupepesa huko kulitosha. Mkono ukiwa nusu umekatika, unaning'inia kwa mfupa mmoja na ngozi, ulijirusha kutoka kwenye jiwe ukamkamata Atuganile koo, ukamgonga kisogo ukutani mara moja, mara mbili, udongo ukamwangukia mabegani, na masikioni mwake kitu kikawa kinamwita kwa jina la utoto ambalo Rukwa nzima hakuna aliyelijua, kinamwambia fumba macho, nawe pia fumba, na kweli macho yalikuwa yanafumba, lakini mkono wake mwenyewe aliuhisi, aliuhisi mpaka kwenye mpini wa panga, akaunyanyua akapiga bila kuona.

Kiganja kilianguka. Kilitambaa kwa vidole kuelekea kwa mtoto, hatua tatu, na Leonsi akakipiga teke kikaingia kwenye moto wa mafigani. Hapo kilio kilitoka nje kwa mlango, kikakokota upepo nyuma yake, kikashuka bondeni kikilaza nyasi, na mbwa wa Mwanzimba wakakibwekea mpaka kikapotea upande wa korongo. Harufu ikaisha mara moja. Ndani palibaki harufu ya damu tu.

Atuganile alikuwa bado anafunga kigutu alipowasikia watu. Kilio kile kilifika mpaka shambani. Walikuwa wanakuja mbio, wanaume mbele.

"Sista," alisema Leonsi. "Nipe panga."

"La nini?"

Hakungoja. Alilichukua kando ya Atuganile kwa mkono wake mzima, akasimama mlangoni.

Theodory aliingia wa kwanza, na mgambo wawili. Alitazama damu, akatazama kigutu, uso ukamsawijika.

"Ndugu muuguzi, ulituapia. Ugonjwa umeula mkono mzima?"

"Hakuna ugonjwa," alisema Leonsi, kwa sauti ambayo hakuna mkutano uliowahi kuisikia. "Ni mimi. Tuligombana. Nimemkata mke wangu."

Silvana alifungua kinywa. Leonsi alimtazama, naye akakifunga.

"Na mtoto?" Theodory aliuliza. Alikuwa ameziona alama shingoni.

Kwa mara ya kwanza Leonsi alisita. "Na mtoto pia," alisema.

Mwenyekiti alimgeukia Atuganile. "Ni kweli?"

Angeweza kusema jini. Wangeamini, na wangemfukuza mama pamoja na jini lake kabla jua halijazama. Angeweza kusema ni yeye, naye Leonsi angebaki, lakini nani angeamini kwamba muuguzi hukata mkono usio na ugonjwa? Aliona aibu, na aibu hiyo hakuwahi kuiponya.

"Ni jeraha la panga," alisema. "Mkono haukuwa na kidonda cha ugonjwa. Nitaandika hivyo."

Theodory alishusha pumzi. "Basi mama anabaki kwake. Aliyeumizwa haondoki. Mfungeni huyu mnyama, apelekwe polisi Matai."

Mgambo walimvuta mikono nyuma, hata ule uliovunjika. Atuganile aliwasukuma, akadai kwanza amfunge mbao, na alipoinama karibu naye Leonsi alimnong'oneza.

"Mtoto hakuona. Alikabwa kwa nyuma. Akikua, sista, usimwambie ulikuwa mkono wa mama yake. Ndio kwanza amempata."

Cornelia alizinduka wakati wanamtoa. Alisikia watu wakisema, mmoja akimwambia mwenzake, baba amemkaba, baba amemkata mama. Alijishika shingo. Leonsi aligeuka mlangoni amuage, akamwita jina, akajaribu kutabasamu, na mtoto akapiga kelele akajificha nyuma ya Silvana.