Mashine ya Dada Latifah

Siku za Jumamosi bucha ya Kaimenyi haikuwa na foleni. Ilikuwa na kelele. Kaimenyi aliuza nyama ya nguruwe peke yake, nyuma ya soko la Gakoromone mjini Meru, na aliyepaza sauti zaidi ndiye aliyekatiwa kwanza. Mchana huo aliyepaza sauti zaidi alikuwa Nkirote.

Alikuwa ametoka kazini, katika duka la miwani la barabara kuu, na bado amevaa ile miwani ya fremu nyekundu iliyowafanya wateja waitamani. Gauni lake la manjano lilimkaa vizuri, na yeye mwenyewe alijua.

"Kaimenyi, zile chops za wiki jana zilinishinda! Zilikauka kama soli ya kiatu. Nilitafuna mpaka taya ikauma."

"Nyama yangu haina shida, mrembo."

"Kweli, nyama haina makosa," sauti ikatoka nyuma ya friji kubwa. "Makosa ni ya moto."

Watu waligeuka. Kijana mrefu alitokeza kichwa, bisibisi mkononi, vumbi jeusi puani, ovaroli ya buluu imepauka magotini. Alikuwa na macho ya mtu anayecheka kabla hujasema neno.

"Na wewe ni nani wa kunifundisha kupika?" Nkirote akauliza.

"Naitwa Rwamba, fundi wa friji. Chops unaziloweka kwa maji ya chumvi nusu saa. Unazipangusa, unapaka mafuta kidogo, kitunguu saumu na pilipili manga. Halafu unatia kwa air fryer, ule upepo wake wa moto unaipika pande zote. Unageuza mara moja. Ikiiva mpaka karibu na mfupa unatoa haraka, unaifunika, unaiacha ipumzike. Ukikata, inakumwagikia maji yake mkononi."

"Air fryer!" Mama mmoja mwenye kikapu aliangua kicheko. "Huyu anafikiria tuko Nairobi. Huyu msichana si ako na jiko ya gesi moja tu kama sisi?"

Bucha nzima ilicheka. Nkirote alihisi masikio yanawaka moto, na macho ya fundi yalikuwa bado juu yake.

"Nani amekwambia?" akasema. "Mimi niko na air fryer."

Hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni jirani yake Latifah, mlango wa pili. Lakini neno lilikwisha kutoka, na Rwamba alikuwa ameliokota.

"Basi siku moja unialike, Miwani," akasema.

Jina la Miwani likamganda. Kila asubuhi simu ililia kabla hajapiga mswaki.

"Umeamka, Miwani?"

"Nimeamka, Fundi. Na wewe umelala wapi, ndani ya friji?"

"Nimelala nikikuwaza, nikaamka na njaa."

"Wewe mtu wa Siakago utanipikia nini? Huko kwenu si ni mbuzi na asali tu?"

"Asali ndiyo hii inaongea na wewe, mwendwa."

Nkirote alicheka peke yake mpaka akachelewa kazini. Walikula mahindi ya kuchoma barabarani, walipiga picha wakiwa wamevaa miwani isiyokuwa na vioo, waligombana kuhusu nani anajua kubembeleza zaidi, Mmeru au Mmbeere. Alimpenda. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Na kila Rwamba alipouliza habari za mashine, Nkirote alijibu, "Ipo, usijali," kisha akabadilisha mazungumzo.

Latifah alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye madira ya rangi kali na mtandio uliofungwa bila kuangalia kioo. Aliuza nguo na manukato karibu na msikiti. Mwaka ambao Nkirote aliugua taifodi, yeye ndiye aliyempikia uji na kumbadilishia shuka, na tangu hapo Nkirote alimwita Dada. Milango yao haikujua kufungwa mchana. Ile mashine ililetwa na kaka yake, Nurudin, na Latifah aliipangusa kila siku hata asipoitumia.

Mama yake alipougua huko Maua, Latifah alifunga safari. Nyumba yake ilikuwa inapakwa rangi, kwa hiyo aliibeba mashine mikononi mpaka kwa Nkirote.

"Wapaka rangi wataniharibia. Kaa nayo. Pika viazi, pika kuku, lakini mambo yetu unayajua."

"Nayajua, Dada. Safiri salama."

Aliyajua, na alikusudia kuyatunza. Lakini friji yake ilianza kuvuja, na Rwamba akapewa ufunguo aje aitengeneze wakati Nkirote yuko kazini.

Siku hiyo Nkirote alipopanda ngazi, harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ilikuwa harufu ya kitunguu saumu, pilipili manga na mafuta yanayolia polepole. Aliingia na kumkuta Rwamba amefunga taulo la vyombo kiunoni, meza imepangwa, sahani mbili zenye maua, kachumbari pembeni. Katikati ya meza, mashine ya Dada Latifah ilikuwa inavuma.

"Surprise!" Rwamba akasema. "Friji imepona. Na hii mashine yako kumbe ni safi hivi! Nimeona haujawahi hata kuichafua. Kaimenyi amenichagulia chops zenye mfupa, nene hivi. Keti, mwendwa, keti."

Nkirote angesema hapo hapo. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Lakini Rwamba alikuwa anatabasamu kama mtoto siku ya kufunga shule, na nyama ilikwisha kuiva. Nkirote alifikiria kwamba ataiosha, ataisugua mpaka ing'ae, na Latifah hatajua kamwe.

"Inanukia vizuri," akasema.

Rwamba alitoa chops mbili, zimekuwa za dhahabu kingoni, akaziweka kwenye sahani na kuzifunika kwa foili. "Usiguse! Dakika tano. Ukikata sasa, utamu wote utaishia kwa sahani."

Walikuwa wanatazama ile foili na kuchekeana mlango uliposukumwa, kama ulivyosukumwa siku zote.

"Nkirote, mama amepata nafuu, nimerudi! Nimekuletea ndizi..."

Latifah alisimama. Alinusa. Aliangalia meza, akaangalia kikapu cha mashine kilichobaki wazi na mafuta yake. Mfuko wa ndizi ukashuka chini polepole.

"Hiyo ni nyama gani?"

Rwamba alimtazama yule mama mwenye mtandio, akaitazama mashine, akamtazama Nkirote aliyekuwa ameinamisha uso. Akaelewa yote.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilikuja kutengeneza friji, nikaona mashine, nikapika bila kuuliza. Nkirote alikuwa kazini. Samahani sana."

"Mtu mzima hujui kuuliza kitu ni cha nani?" Latifah alimjia juu. "Mama yako ndivyo alivyokulea? Kuingia nyumba za watu na kuchafua vyombo vyao? Huyo mama alikufundisha nini?"

"Samahani, mama."

Latifah akamgeukia Nkirote. "Wewe ulijua?"

Nkirote alitikisa kichwa kukataa.

Latifah alitoka bila kugusa mashine. Rwamba alifungua taulo kiunoni, akalikunja vizuri, akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Rwamba, ngoja nikueleze..."

"Hakuna haja. Nimeshasema ni mimi." Alifunga begi. "Lakini nilikuwa nangoja unitetee, Nkirote. Hata kwa neno moja tu."

Hakumwita Miwani. Alishuka ngazi, na zile chops zikapoa chini ya foili bila kuonjwa na mtu.

Asubuhi iliyofuata simu haikulia. Wala iliyofuata hiyo. Kaimenyi ndiye aliyemwambia Nkirote kwamba Rwamba amepata kazi Timau, kutengeneza vyumba vya baridi katika shamba moja la mboga. Nkirote alipiga, alituma ujumbe, alipiga tena. Latifah naye alimsalimia vizuri tu, hata alimpa pole kwa kupata mchumba asiye na adabu, na hiyo pole ilimchoma Nkirote kuliko matusi. Mashine ilikaa nje kwenye veranda, imefunikwa kwa gunia, na kila alipoipita aliona aibu.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, Rwamba alipokea.

"Huko Timau kuna baridi?" Nkirote akauliza, maana hakujua aanzie wapi.

"Kuna baridi."

"Umekasirika juu ya uongo wangu."

"Zii, hapana. Ule uongo wa bucha ulinichekesha hata. Ningekutania nao mpaka tuzeeke." Upepo wa Timau ulisikika ndani ya simu. "Ni vile ulitikisa kichwa. Nilijiuliza, siku nikiwa na shida ya kweli, huyu mtu atatikisa kichwa tena?"

Nkirote alilia pale pale dukani, katikati ya miwani.

"Nifanye nini, mpenzi wangu? Niambie."

"Mimi siwezi kukuambia. Huyo mama anaishi mlango wa pili, Nkirote. Mimi ndiye niko mbali."

Jioni hiyo alibisha mlango wa Latifah, mlango ambao hakuwahi kuubisha. Latifah alikuwa anakunja sambusa.

"Dada, ni mimi niliyekosa," Nkirote akasema akiwa bado amesimama. "Nilimwambia Rwamba mashine ni yangu. Nilimdanganya siku ya kwanza tuliyoonana, ili nisichekwe. Alipika akijua ni yangu. Na mimi nilimkuta anapika nikanyamaza. Nilitaka kuiosha usijue."

Latifah aliacha kukunja. Alizipanga sambusa kwenye sinia moja moja, mpaka Nkirote akatamani apigwe kofi yaishe.

"Chombo kinaoshwa, Nkirote," akasema hatimaye. "Kuna namna yake. Ungeniambia, ningemuuliza shehe, yakaisha. Na ungenyamaza, ningekaanga sambusa za watu humo bila kujua. Hilo limeniuma, sitakuficha. Lakini unajua mimi nimefanya nini? Nimemtukania mtoto wa watu mama yake! Mama wa watu amekaa zake Siakago, amenikosea nini?"

"Nisamehe, Dada."

"Nitakusamehe, lakini si sasa hivi, sasa hivi nina hasira. Piga hiyo simu. Nipe."

Nkirote alipiga. Latifah aliishika simu kwa vidole vyenye unga.

"Hallo, Rwamba? Ni Latifah wa Meru, yule mwenye mashine. Huyu ameniambia yote, kwa mdomo wake. Sikiza, mwanangu. Nilimtaja mama yako vibaya. Naomba unisamehe, na siku ukienda kwake umpelekee salamu zangu."

Nkirote hakusikia jibu. Aliona tu uso wa Latifah ukilegea.

"Haijaisha mpaka uje unywe chai kwangu. Eeh. Jumapili. Naye atakuwepo, mimi ndiye nitakuwa katikati."

Rwamba alikuja Jumapili, shati jeupe limepigwa pasi, kilo mbili za viazi vya Timau mkononi kama mkwe. Nkirote alikuwa amevaa lile gauni la manjano. Hawakujua watazame wapi. Latifah aliwamiminia chai ya tangawizi, akawapa mahamri, akawaacha wateseke kidogo. Kwenye kabati lake kulikuwa na mashine mpya ambayo Nkirote alimnunulia.

"Nimetikisa kichwa mara moja," Nkirote akasema taratibu. "Sitatikisa tena, Fundi. Hata mbele ya nani."

"Nilisikia ulienda mwenyewe," Rwamba akajibu. "Miwani, ulienda mwenyewe."

"Haya, msinililie kwenye mahamri," Latifah akakatiza, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ile ya zamani iko kwenye gunia. Kuirudisha jikoni kwangu moyo umekataa, na kutupa kitu kizima siwezi. Nimewapa. Nyinyi wawili, si Nkirote peke yake, maana ataanza tena kutangazia watu kwamba ni yake."

Rwamba alicheka mpaka chai ikampalia.

"Lakini mna nyumba mbili," Latifah akaendelea, "na mashine ni moja. Hapo mtajua wenyewe."

Siku chache baadaye, Rwamba alipomaliza kazi ya Timau, katika nyumba yake mtaa wa Makutano mjini Meru, chops mbili nene zilikuwa zimelowekwa, zikapanguswa, zikapakwa mafuta na kitunguu saumu. Nkirote mwenyewe alizigeuza. Zilipotoka alinyoosha uma, na Rwamba akamwahi mkono.

"Dakika tano!"

"Fundi, nina njaa!"

"Zipumzike. Wewe unijibu swali." Alifunika sahani kwa foili. Alijifuta mikono kwenye taulo mara mbili. "Hii mashine ikae wapi?"

Nkirote alimtazama. Macho ya Rwamba hayakuwa yanacheka hata kidogo.

"Nataka kuja kwenu na wazee," Rwamba akasema. "Wa Siakago wote, na asali. Kama utakubali."

"Nakubali."

"Dakika tano hazijaisha, fikiria kwanza."

"Nimekubali, Rwamba! Toa hiyo foili!"

Aliitoa. Kisu kilipenya kwa urahisi, na maji ya nyama yakamtiririkia Nkirote mpaka kifundo cha mkono, yakafika kwenye mkono wa gauni la manjano, wala hakujali. Alitafuna akifumba macho. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha.

Simu ikalia. Aliibonyeza kwa kidole kimoja kisicho na mafuta. Ilikuwa sauti ya Latifah, na nyuma yake sambusa zikikaangwa.

"Nkirote, nataka jibu kabla sijalala. Ile mashine inakaa kwa nani?"

Nkirote alimtazama mwanamume aliyekuwa akimfuta kidevu kwa taulo la vyombo.

"Kwetu, Dada," akasema. "Inakaa kwetu."