Na Mto Je?

Asubuhi Kasuku aliweza kufanya kila kitu mwenyewe isipokuwa kupanda gari. Alijivuta kwa mikono kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha magurudumu, akanawa, akavaa, akanywa chai. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kazini kiwandani. Kisha baba alimnyanyua, akamweka kwenye siti ya mbele ya gari lake la kusambazia mayai, akakikunja kile kiti na kukipanga nyuma pamoja na trei. Wakifika shuleni, kazi ilianza upya mbele ya wanafunzi wote.

"Mikononi mwangu halijawahi kuvunjika hata yai moja," baba alitania huku ameshika kiuno.

Kasuku alicheka kwa mdomo tu. Alikuwa darasa la sita sasa, na kubebwa langoni kama gunia kulimtia aibu. Tena aliona jinsi mgongo wa baba ulivyokuwa ukimsumbua. Jina la Kasuku alipewa na bibi yake kwa sababu akianza kusema hanyamazi. Miguu yake haikuwa na nguvu wala haikuhisi kitu tangu alipozaliwa, lakini ulimi wake ulifanya kazi kwa niaba ya viungo vyote.

Ndiyo maana baba aliposema kwamba gari litapelekwa kwa Spana, nyumba nzima ilisikia yowe lake la furaha.

Spana alikuwa fundi, mama wa makamo mwenye karakana nyuma ya soko. Yeye pia alitumia kiti cha magurudumu, na kazi yake ilikuwa kurekebisha magari ya watu wanaotumia viti kama chake. Gari lake mwenyewe aliliendesha kwa vishikio vya mkono. "Wenzangu wanakanyaga mafuta, mimi nayashika," alipenda kusema.

Alilizunguka gari la baba, akaligonga hapa na pale. "Sakafu hii ya nyuma nitaikata, nichomelee nyingine chini zaidi. Mlangoni nitaweka bamba la kupandia. Utaingia mwenyewe na kiti chako, ufungwe mikanda, basi. Kubebwa kwaheri."

Akampima Kasuku kuanzia ardhini hadi utosini, halafu akapima mlango. "Sasa nisikilize, mwanangu. Nikiishusha sakafu mno, itakwaruza barabara. Nisipoishusha vya kutosha, utagonga kichwa mlangoni kila siku. Nataka ukweli wote. Njia ya shule ina matuta?"

"Yapo, tena makubwa! Moja limeng'oa bomba la moshi la baba!"

"Mawe?"

"Kidogo, karibu na kiwanda."

Spana akakitazama kiti cha Kasuku. "Na mto je?"

Kasuku alielewa papo hapo. Fundi alikuwa akiulizia mto wa kukalia, ule mnene aliopewa hospitali. Mto huo ulikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Aliuficha tangu siku mvulana mmoja darasani alipoushika na kuimba, "Mtoto wa mto! Mtoto wa mto!" Darasa zima liliangua kicheko. Tangu hapo alikalia sweta lililokunjwa, na jioni aliurudisha mto kitini kabla mama hajafika. Baba hakugundua kitu. Huyo hata soksi zake mwenyewe alikuwa akizivaa zisizolingana.

"Hakuna mto," Kasuku akajibu, kwa ufupi usio wake.

Baba alikuwa ameinama uvunguni mwa gari akichungulia lile bomba. "Kweli kabisa, fundi!" akapaza sauti. "Hakuna mto, hata kijito!"

Nyundo zilikuwa zikilia kila upande, na Spana alisikia maneno mawili ya kwanza tu. Akaandika kipimo kwa chaki ubavuni mwa gari. "Liacheni hapa. Kesho asubuhi tunakata."

Njiani kurudi nyumbani, Kasuku alijitetea moyoni. Sijadanganya. Njia ya shule kweli haina mto. Lakini roho haikutulia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na mama alikuwepo. Alipokuwa akimsaidia kuoga, aliona doa lililokolea rangi chini ya kiuno chake. Akalibonyeza kwa kidole. Lilikuwa la moto, na rangi haikubadilika.

"Unaukalia mto wako?"

Kasuku akageuzia uso ukutani.

"Kasuku amenyamaza? Basi kuna jambo."

Hapo machozi yakamtoka, na habari ya mto ikafuata yote, kuanzia kicheko cha darasani hadi sweta. Mama hakufoka. "Mwanangu, wewe husikii maumivu huku nyuma. Kidonda kikianza hapa, utalala hospitali miezi. Watu wanacheka dakika moja halafu wanasahau. Ngozi haisahau."

Akausawazisha mto kitini, akamkalisha Kasuku juu yake. Kasuku akajiona kwenye kioo cha kabati. Kichwa chake kilikuwa kimepanda.

"Mama! Mlango wa gari! Fundi amenipima bila mto, na asubuhi hii anakata!"

Baba alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Basi wote watatu wakatoka mbio, baba akisukuma kiti, mama akiwa bado na povu la sabuni mikononi.

Karakanani cheche zilikuwa zikiruka nyuma ya gari.

"Simamaaa!" Kasuku alipiga kelele hadi nyundo zote zikanyamaza.

Spana akafunua kinyago chake. Mkononi alikuwa ameshika bamba la kupandia, lililokatwa nusu. Sakafu ya gari ilikuwa bado nzima. Kasuku alipoiona alishusha pumzi ndefu, kisha akalia na kucheka kwa pamoja. Akasema kila kitu bila kuficha.

Baba alijishika kichwa. "Kumbe mto ule! Na mimi nikatoa ushahidi!"

Spana alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaupigapiga mto wake mwenyewe, uliochakaa pembeni. "Huu hapa. Na mimi walinicheka, sana tu. Lakini nikuambie, mwanangu. Jana ulijibu neno, swali hukulijibu. Ulijua vizuri nauliza nini. Jibu la namna hiyo ni uongo uliovaa nguo safi. Leo umekuja mwenyewe kulisahihisha, na kwa hilo nakushukuru. Ungechelewa kidogo, ningekata vibaya."

Akampima upya akiwa juu ya mto, akafuta chaki ya jana, akaandika kipimo kipya. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vinne. Kazi ilipokuwa ikiendelea, Kasuku alilala kifudifudi nyumbani kama mama alivyoagiza, hadi doa likafifia na kwisha kabisa.

Siku ya kulichukua gari, alipanda lile bamba kwa mikono yake mwenyewe. Kichwa kikapita chini ya mlango bila kugusa. Baba alisimama pembeni, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Spana alipomaliza kukaza mikanda, akamkonyeza. "Haya, nikuulize tena. Na mto je?"

"Upo!" Kasuku akajibu kwa sauti iliyofika sokoni, akiupiga mto wake kofi. "Na yeyote shuleni akiuliza, nitamwambia upo!"