Tuta la Dodo Lililoungua

Kila asubuhi kabla ya shule, Keji alichota maji kisimani akamwagilia tuta lake la dodo, mchicha wa huku Koboko. Mwaka ule wa 1991 tuta hilo halikuwa mchezo. Mama yake, Margarita, alikuwa ametoka kujifungua, na muuguzi wa zahanati alisema damu yake ni kidogo, lazima ale mboga za majani kila siku.

Dodo zilichipua, kisha zikadumaa, majani yakawa ya manjano. Keji akachukua mbolea ya dukani iliyobaki kwenye shamba la tumbaku la baba yake, akaitia vilevile inavyotiwa kwenye tumbaku, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Alisahau kwamba tumbaku hupandwa kwa nafasi kubwa, na dodo husongamana. Siku ya tatu tuta zima lilikuwa limeungua kwa ukali wa mbolea, majani yamekauka.

Shangazi Paska alikuja siku hiyo kumchumia wifi yake mboga. Nani asiyeijua bustani ya Paska? Nusu ya mtaa ilikula kutoka mikononi mwake.

"Nani ameharibu hii?" aliuliza.

Keji aliinama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kwamba ni mbuzi wa jirani yao Dumo. Kisha akamsikia mama yake akikohoa ndani, moyo ukamuuma.

"Ni mimi, shangazi. Nilitia mbolea ya tumbaku, nyingi. Sasa mama atakula nini?" Akaangua kilio.

Paska hakufoka. "Leo atakula ya kwangu. Wewe lete jembe."

Walilima tuta jipya kando, wakachanganya udongo na mabeseni matano ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

"Hii samadi iko inafanya udongo kushika maji," Paska alisema. "Ile ya dukani iko na nguvu ya haraka, lakini kwa udongo mtupu inaunguza. Tutaweka zote mbili, ile ya dukani kidogo tu."

Wakasia mbegu mpya. Dodo zilipofikisha wiki mbili, Paska alichora mfereji mdogo katikati ya mistari, vidole vinne kutoka kwenye mashina. Akanyunyiza kizibo kimoja cha mbolea ya dukani kwa kila hatua, akafukia, na Keji akamwagilia.

Wiki ya tano Keji alichuma majani mapana ya kijani kibichi mpaka beseni likafurika. Paska mwenyewe alisimama akayatazama kwa furaha. Margarita alikula kila siku, na muuguzi alipompima tena, damu ilikuwa imeongezeka.

Jumamosi moja Paska alileta wanawake sita wa kikundi chake cha kulima mboga. "Keji, waonyeshe."

"Shangazi, wewe ndiye unajua!"

"Mimi najua kupanda. Wewe umeunguza, ukasema kweli. Ungesingizia mbuzi, kama watoto wengi, tungejenga ua, halafu ungeunguza tena, na mama yako angekuwa bado kitandani. Hiyo ndiyo nataka hawa wasikie."

Keji akainua uso. "Mama zangu," alianza, "mimi niliunguza."