Nauli ya Maiti

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mama mmoja wa Nguvumali alikuwa amekaa barazani kwake akichambua choroko. Jina lake Bibiana, mjane wa miaka sabini na mitano, nywele nyeupe na ulimi mwepesi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelaza vumbi. Ndani, cherehani ya binti yake Leticia ilikuwa ikienda. Uani, wapangaji wake wa vyumba viwili walikuwa wakifua na kucheka. Asubuhi hiyo Bibiana hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani.

Akaja Khozema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona, ameshika futi ya mafundi mkononi.

"Shikamoo, Mama Noa."

"Marahaba, Khozema. Leo umefunga duka?"

"Nimemwachia mke wangu. Nimekuja kupima mara moja tu, sitakusumbua. Mwanao mwalimu ameniambia nije wakati wowote."

"Upime nini?"

"Nyumba."

Bibiana akasimamisha mikono. "Nyumba ya nani?"

Khozema akaitazama futi yake kama vile ndiyo iliyosema. "Mama, mwalimu hajakwambia? Si mnauza?"

"Tunauza tukae wapi?"

Sasa Khozema ni mtu asiyejua kudanganya hata wateja wake, ndiyo maana hajatajirika. Akasema yote. "Ameniambia ni maandalizi ya safari yako, mama."

"Safari ya wapi?"

"Kasulu."

"Nakwenda kufanya nini Kasulu?"

Hapo Khozema alishindwa kabisa. Akainama, akasema taratibu, "Kuzikwa, mama. Nisamehe."

Naam, ndugu zangu. Hivyo ndivyo Bibiana alivyojua kwamba nyumba anayolala inauzwa ili ipatikane nauli ya maiti yake.

Msimlaani Noa kwanza. Noa ni mwanawe wa kwanza, mwalimu wa sekondari, mtu mpole asiyekunywa wala kupiga mtu. Nitawaeleza jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofika mahali pa kuuza nyumba ya mama yake angali hai, kwa sababu wengi wetu tuko njiani kwenda huko huko.

Baba yake, Alexander, alitoka Kasulu, mkoani Kigoma, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akaja Tanga kukata mkonge. Walikuwa wakiitwa manamba. Wenzake wengi walimaliza mkataba wakarudi kwao. Yeye alibaki, akamleta Bibiana, akazaa, akajenga Nguvumali, akastaafu. Miaka tisa iliyopita akafariki.

Mdogo wake, Ernesti, ambaye naye alimfuata kaka yake huku, alikuwa mwenyekiti wa umoja wa watu wa kwao. Alisimama msibani akasema, "Mtu wetu hazikwi ugenini." Watu wakapiga makofi. Msibani makofi ya nini, sijui. Likaletwa jeneza lenye kioo na vishikio vya rangi ya dhahabu. Ikakodiwa gari ya mwili na basi la waombolezaji. Zikashonwa sare. Akatafutwa mpiga video. Gari ya mwili ikaharibika walipopita Singida, na waombolezaji wakakaa kando ya barabara na jeneza lao, Noa akiwapigia watu simu mmoja mmoja kuomba pesa ya spea. Aibu ile haikumtoka.

Viwanja viwili vya Pongwe vilikwenda. Ada ya Leticia, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, ilikwenda kwenye mafuta ya basi. Binti akarudi nyumbani "kwa muda", akanunuliwa cherehani.

Na hapa nawauliza swali. Alexander alipokuwa anaumwa figo, ndugu walichanga shilingi elfu sitini kwa miezi miwili. Alipokata roho, zilipatikana milioni saba kwa siku mbili. Weka mkono kifuani uniambie kama kwenu ni tofauti.

Turudi kwa Bibiana. Mwezi wa Januari miguu yake ilivimba. Daktari akasema moyo umepanuka, lakini akinywa dawa kila siku na kuhudhuria kliniki kila mwezi, anaweza kuishi miaka mingi. Noa alisikia nusu ya kwanza tu. Akampigia baba yake mdogo, na Ernesti akasema, "Safari hii tusikutwe hatujajiandaa." Wakafungua kundi kwenye simu, wakaliita Maandalizi ya Mama. Watu wakaahidi. Michango ikaanza kuingia. Ilipoonekana haitoshi, wakaitazama nyumba. Hati iliandikwa jina la Noa tangu baba alipofariki, eti kwa kuwa ni kifungua mimba. Hilo nalo ni kosa, akina mama wenzangu, lishikeni.

Katika kundi lile lenye watu arobaini na wawili, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mama ana dawa.

Jumapili baada ya misa, Bibiana aliita kikao sebuleni kwake. Noa alikuja, na Ernesti, na Leticia. Khozema aliitwa pia, akakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia.

"Noa," Bibiana akaanza, "jeneza langu lina kioo?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza kwa sababu napenda kujua kama nitaona njia. Mara ya mwisho kupita Singida ilikuwa giza."

Leticia alicheka, akajiziba mdomo. Ernesti hakucheka.

"Shemeji, usifanye mzaha. Mtu hazikwi ugenini kama mbwa."

"Ugeni upi, shemeji? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa miaka hamsini na minne iliyopita, mipini mingapi imeshavunjika. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nimekuja, nimegoma kuondoka."

"Watu wa nyumbani watasemaje?"

"Watasema wanachotaka. Mimi nitakuwa sisikii."

"Umoja hautakuja kukuzika!" Ernesti akapandisha sauti. "Nakwambia kama mwenyekiti."

"Jumuiya yetu ya kanisani itakuja. Watanibeba hata kwa miguu. Wewe baki na kiti chako."

Kisha sauti yake ikashuka. "Ernesti, kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, wenzangu wanakwenda makaburini kwa waume zao. Wanang'oa majani, wanawasha mishumaa. Mimi kaburi la mume wangu nimeliona siku moja tu, nalo lilikuwa bado wazi. Nauli ya kwenda sina. Nawasha mshumaa kwenye kaburi la mtu anayeitwa Zabron. Simjui. Nimemchagua kwa sababu naye hana mtu. Unataka Leticia naye akamtafute Zabron wake?"

Noa akamgeukia Khozema, labda akitafuta pa kupumzisha macho. "Ninyi Waislamu huwa mnazikaje?"

"Mimi?" Khozema akashtuka. "Baba yangu alifariki asubuhi, alasiri tulikuwa tumemaliza. Sanda yake na sanda ya kuli wake ni kitambaa kimoja. Lakini usituige kila kitu, mwalimu. Sisi tunafilisikia kwenye harusi." Akasimama. "Nami nyumba siinunui. Nilitaka stoo. Sitaki stoo yenye mama ndani yake."

Ernesti alikuwa bado na maneno. Akasema kuwa Noa ndiye mwenye hati, Noa ndiye atakayeamua, asikubali kutawaliwa na wanawake. Na hakika Noa alikuwa amekaa katikati, upande mmoja mama, upande wa pili ukoo mzima na aibu ya Singida.

Leticia akainuka. Aliingia chumbani akatoka na kikopo cha dawa, akakimimina mezani. Vidonge vyote vilikuwa vimekatwa nusu kwa kisu.

"Vya mwezi mmoja," akasema. "Anavipeleka miezi miwili, na siku nyingine anaruka. Nilimgundua juzi. Kaka, kundi lako lina shilingi ngapi?"

Noa aliokota nusu kidonge kimoja, akakiangalia. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unahangaika na pesa, mwanangu. Sikujua unahangaikia nini."

Mwalimu akalia mbele ya watu. Nami nasema alie, machozi ya mtu mzima yana faida yakitoka mapema. Alipomaliza, akasema, "Nyumba haiuzwi. Kesho tunakwenda kubadilisha hati, irudi kwa mama. Baba mdogo, nisamehe, lakini sitamzika mama yangu kabla hajafa."

Ernesti akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na kazi haina mapambo. Noa aliandika kwenye kundi kwamba fedha zilizopatikana zitamlipia mama bima ya afya na dawa, na asiyeridhika atarudishiwa mchango wake. Watu kumi na wanane walijitoa, saba wakadai pesa zao wakarudishiwa. Waliobaki walitosha. Bibiana alijiunga na chama cha kuzikana cha mtaa. Akaandika barua kwa mkono wake: azikwe Tanga, isizidi siku moja baada ya kifo, sanduku la mbao la fundi wa mtaani, chai na mkate kwa waombolezaji, sare hakuna, video hakuna. Mwenyekiti wa jumuiya akaweka sahihi. Na kodi ya vile vyumba viwili, ambayo Noa alikuwa akiipeleka kwenye maandalizi, sasa ilikwenda kwenye ada. Leticia, akiwa na miaka thelathini, alirudi darasani na mabinti wa miaka kumi na tisa. Walimwita shangazi. Aliwashinda somo la anatomia.

Kufikia Julai uvimbe wa miguu ulikuwa umekwisha. Siku ya kliniki, Noa akiwa amempeleka, Bibiana akamuuliza daktari kama anaweza kusafiri. Daktari akasema anaweza, mradi asiache dawa, na alale njiani apumzike.

"Unakwenda wapi?" Noa akauliza.

"Kasulu."

"Mama!"

"Nakwenda nikiwa mzima. Mzima anakalia kiti kimoja tu, nauli yake inajulikana."

Habari zikamfikia Ernesti. Asubuhi ya safari Bibiana na Noa wakamkuta kituo cha basi, ana begi dogo. Bibiana akamtazama. "Shemeji, umekuja kunisindikiza au kunizuia?"

"Peke yenu hamtaijua njia ya kaburini," akajibu. Wakapanda.

Kasulu walipokewa na dada wa marehemu, wifi yake Bibiana, mama wa miaka themanini. Waliokumbuka sura ya Alexander walikuwa watatu tu. Waling'oa majani kaburini, Bibiana akawasha mshumaa wake mahali panapostahili, na jioni wakala mahindi na maharage.

Wakati wa kula Bibiana akasema, "Wifi, nimekuja kuwaaga nikiwa na mdomo wangu. Siku yangu ikifika nitazikwa Tanga. Msihesabu kuwa nimewatupa."

Yule bibi aliweka sahani chini. Wote wakangoja matusi.

"Mungu akubariki," akasema. "Mlipomleta kaka, tuliuza ng'ombe wawili kulisha lile basi. Mahindi ya mbegu yote yalikwisha. Mwaka ule watoto hapa walilala njaa."

Noa akaduwaa. "Shangazi, mbona hamkutuambia tusimlete?"

"Tungesemaje? Mngesema tumemkataa ndugu yetu. Tulidhani ninyi wa mjini ndio mnaotaka makubwa."

"Sisi tulidhani ninyi ndio mnaomtaka," akasema Noa. Akamgeukia Ernesti. "Baba mdogo, nani huku alisema tumlete?"

Ernesti alitafuna muda mrefu chakula kilichokuwa kimekwisha mdomoni.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Nilidhani tu."

FUNZO

Funzo la hadithi hii ni kwamba tunafilisika kwa ajili ya maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Wa mjini anauza kiwanja akimwogopa wa kijijini, wa kijijini anauza ng'ombe akimwogopa wa mjini, na maiti katikati haombi chochote.

Wazee wetu wanaongezeka na wanaishi zaidi kuliko zamani. Hilo ni jambo jema, lakini uzee una gharama zake: dawa, miwani, maziwa, mtu wa kumpeleka mama kliniki. Shilingi inayolala ikingoja jeneza ni shilingi iliyoibiwa kutoka mdomoni mwa mgonjwa. Changeni akiwa anapumua. Mwulizeni mzazi angali na sauti anataka azikwe wapi na vipi, mwandike, mtie sahihi. Kumwuliza si kumtakia kifo. Jiungeni na chama cha kuzikana ambacho kila mtu anakimudu. Mjane abaki na hati ya nyumba yake. Na ndugu aliye mbali, mpelekee mzee wako akamsalimie. Salamu ya mtu hai ina jibu.