Msasa wa Kona ya Kijito

Asubuhi hiyo Verlie alitoka na ndoo ya maji aliyooshea vyombo, akakuta mti wa msasa umeshamwagiliwa. Udongo ulikuwa chepechepe na ulinuka tope la kijito. Mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi, na tangi lao lilibaki na maji ya kukinga kwa kikombe.

"Rex, umemwagilia mti?"

"Kwa maji gani, mama? Machozi yangu?" mumewe alijibu kutoka barazani, akipuliza chai.

Verlie alicheka, lakini ile harufu hakuipenda.

Mti huo Rex aliung'oa ukiwa mche wa kimo cha goti, kule kwenye kona ya kijito ambako watu wa ukoo wake hawachukui kitu, hata jiwe. Alikuwa mchongaji. Virungu na bumerangi, zile fimbo zilizopinda za kurusha, alizouza sokoni katika mji wa Grafton alizilainisha kwa majani ya msasa kama walivyofanya babu zake. Msasa wa dukani, alisema, unachubua mbao. Alichoka kuyafuata majani mbali, akaupanda nyuma ya nyumba penye kivuli cha tangi. Verlie ndiye aliyeulea: majani makavu kuzunguka shina, samadi kidogo, na maji kila siku, kwa kuwa ukikauka mizizi hupukutisha majani yote. Ndani ya mwaka mmoja ukapita paa.

Wiki hiyohiyo, wakiwa mezani mchana, walisikia mtu akipiga msasa kibandani, Rex anakochongea. Kwaruu. Kwaruu. Polepole, kama fundi asiye na haraka.

Verlie alimtazama mumewe, mkate ungali mdomoni. "Umemwacha nani huko?"

"Panya."

"Panya anapiga msasa, Rex?"

Walikwenda. Kibanda kilikuwa kitupu. Kirungu ambacho Rex alikiacha na makovu ya patasi kililala juu ya meza, laini kama kioo, na Verlie alipokigusa kilikuwa cha moto.

Kisha kitu hicho kikaingia ndani ya nyumba. Kibao cha kukatia mkate kililainika, mikono ya viti ikapoteza rangi. Jumapili moja Verlie alipokuwa akifuta vumbi sebuleni alitazama picha ya harusi yao, akaketi chini palepale. Nguo zilikuwepo, maua yalikuwepo, ila nyuso zote zilikuwa zimesuguliwa zikabaki nyeupe, na kioo cha mbele hakikuwa na hata mchubuko.

"Simu imenikataa," Rex alisema jioni yake, akijaribu kucheka. "Inasema kidole si changu."

Akamwonyesha. Ncha za vidole vyake hazikuwa na mstari hata mmoja.

Kesho yake mchana, joto lilipowalaza hata mbwa, Verlie alijinyoosha kitandani akiwa peke yake, akasinzia, na katika usingizi ule mwepesi akahisi jani limelazwa shavuni, kavu na lenye ukali wa ulimi wa paka, likapanda mpaka kwenye paji la uso na kushuka tena, kwaruu, kwaruu, kwa upole wa mtu anayekipenda anachokitengeneza, na harufu ya tope ikamjaa puani hata akashindwa kupumua, na alipotaka kupiga kelele akasikia kitu kikimpulizia usoni, fuu, kama Rex apulizavyo unga wa mbao ili aone kazi yake imefikia wapi.

Alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Nyusi yake ya kushoto haikuwepo. Ilikuwa unga juu ya mto.

Walimwita Shangazi Coral, dada wa baba yake Rex. Mama huyo aliteremka garini, akauona mti, akasimama getini.

"Huo umetoka wapi?"

Rex alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe, mpumbavu! Umetoka wapi?"

"Kwenye kona, Shangazi."

Shangazi alishusha sauti. "Basi umemleta mwenye kona nyumbani kwako. Mkampa maji, mkampa samadi. Naye anawashukuru kwa kazi anayoijua."

"Ataishia wapi?" Verlie alinong'ona.

"Akimaliza, mwanangu, hapabaki kitu cha kusugua."

Rex aliuchimba mti. Mzizi mmoja ulikuwa umepita chini ya nyumba, ukapanda nguzo, ukatoboa sakafu chini ya kitanda, upande anaolala Verlie. Akaukata, akaupakia mti kwenye pikapu. Shangazi alimwagiza aurudishe peke yake, aupande ulipokuwa, aombe radhi kwa sauti, aondoke bila kugeuka.

Wanawake walifunga milango. Shangazi aliwasha majani mabichi ndani ya karai, akapitisha moshi chumba kwa chumba, akiongea kwa lugha ya wazee wake, taratibu, kama anayembembeleza mgeni aondoke. Verlie alimfuata nyuma akikohoa.

Mlango wa mbele ukagongwa.

"Verlie, nimemaliza. Nifungulie, mama."

Sauti ilikuwa ya Rex. Verlie alishakamata komeo, Shangazi alipomshika mkono.

"Umesikia gari?" alimuuliza kwa pumzi tu.

Verlie alitikisa kichwa.

"Verlie. Mama. Nifungulie, jua kali." Sauti ilingoja kidogo. Halafu, upande wa pili wa ubao, ikaanza: kwaruu, kwaruu, kwaruu, ikienda mbio sasa, na mlango ukapata joto chini ya viganja vyao walipousukuma wote wawili kwa mabega, Shangazi akiendelea kuongea bila kukata, Verlie akilia bila sauti, mpaka mbali barabarani injini ya pikapu ikasikika na kule nje kukawa kimya.

Alikuwa Rex mwenyewe, matope mpaka magotini. Alisimama mbele ya mlango akiutazama. Rangi yote ilikuwa imetoka kuanzia usawa wa uso wa mtu mpaka kiunoni, na mbao zilibaki nyembamba kama karatasi, kiasi kwamba mwanga wa jua ulipenya hadi sebuleni.

Waliweka mlango mpya. Vidole vya Rex vilirudi na mistari, nyusi ya Verlie ikaota. Lakini kila wanapoupaka mlango huo mpya rangi, asubuhi huikuta chini kizingitini, imekuwa unga.