Kawa Pembeni mwa Skrini

"Nyabo, umekuja kununua skrini ama kuuza vyombo?"

Safinah aligeuka akiwa tayari kumpa mtu maneno yake. Jengo zima la maduka lilikuwa likipiga kelele, wachukuzi wa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, wakipiga miluzi ili wapishwe njia, na hapa kuna muuzaji mrefu wa shati la kijani anamcheka mchana kweupe. Yeye alikuwa amejipamba kwa gauni la samawati na mtandio wa njano. Mkononi alishika kawa la bibi yake, lile la kufunikia chakula, lililosukwa kwa nyekundu, zambarau na kijani kama wanavyosuka akina mama wa Kinubi.

"Nanunua," alijibu. "Lakini hii kawa ndiyo itachagua."

Akachomeka flashi kwenye kompyuta ya duka, akafungua picha ya kawa lile lile, akalishika kawa lenyewe pembeni mwa skrini ya kwanza. Hapana. Ya pili. Hapana. Safinah alikuwa akitengeneza kadi na tovuti kule Kawempe, na mwezi uliopita skrini yake kuukuu ilimdanganya: kadi za harusi alizoziona za zambarau zilitoka kiwandani za kahawia. Bibi harusi, Shakirah, alimrushia usoni zote. Aibu nyingine ya namna hiyo, na hakuna mtu Kawempe ambaye angempa kazi tena.

Muuzaji aliacha kucheka. Jina lake lilikuwa Oyat, Mwacholi aliyezaliwa kambini kwa baba askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini kama cha Safinah.

"Hiyo iliyopinda achana nayo, ni ya watu wa gemu. Simama huku pembeni. Unaona? Nyekundu imekuwa machungwa. Sasa hii ya IPS, rangi yake haigeuki, simama mahali unataka."

Safinah akasimama pembeni. Nyekundu ikabaki nyekundu. Alipoinua macho, akamkuta Oyat haangalii skrini hata kidogo.

Hakununua siku hiyo. Alisema bado anafikiri, na kwa wiki tatu akafikiri kwa simu, asubuhi na jioni.

"Oyat, ile skrini haiumizi macho?"

"Macho gani? Yale mazuri?"

"Jibu swali, wewe."

"Haiumizi. Lakini mimi tangu ile siku macho yananiuma. Yanatafuta mtu wa mtandio ya njano."

Safinah alikuwa akicheka mpaka mama yake anauliza kuna nini huko. Alikuwa amependa, na alijua.

Ijumaa akaenda na kawa lake mkononi, akainunua ile ya IPS. Oyat alimfungia boksi kwa mikono yake, wakaagana kwa kutazamana zaidi kuliko kusema. Safinah akalitua boksi ukingoni mwa barabara, akaingia kibandani kununua muda wa simu. Mvua ikashuka kwa mkupuo mmoja. Alipogeuka, mwanamume aliyejifunika kavera nyeusi, mfuko mkubwa wa plastiki, kutoka kichwani mpaka kiunoni alikuwa amelibeba boksi lake begani, anakimbia.

"Mubbi!" alipiga ukelele kwa nguvu zake zote. "Mwizi! Skrini yangu!"

Lo! Neno hilo Kampala likishatoka halirudi. Watu waliokuwa wakibeba sabuni na chumvi walitupa mizigo. Mmoja alimtega mguu. Mtu na boksi vikaanguka pamoja, kioo kikalia ndani, na hapo hapo viatu vikaanza. Walimpiga mbavuni, mgongoni, mdomoni. Mmoja alimkanyaga kiganja akakisaga kwa kisigino. Mwingine akaleta tofali, akampiga nalo mara mbili usoni, na damu ikachanganyika na maji ya mvua mpaka miguuni mwa Safinah. Sauti ikaitisha tairi, nyingine ikajibu kwamba petroli ipo.

Kavera ikachanika. Chini yake kulikuwa na shati la kijani.

Oyat alikuwa ameliona boksi likinyeshewa, akatoka mbio kuliingiza kivulini. Basi, hilo tu.

"Si mwizi! Mwacheni!" Safinah alilia, lakini nani amsikie? Walikuwa wangali na hamu ya kupiga. Akajipenyeza kati ya miguu yao, akamfunika Oyat kichwa kwa kawa, akajilaza juu yake. Rungu likamshukia begani, akasikia mfupa ukivunjika. Likashuka tena. Ndipo kinywa chake kikatoa neno ambalo hakulipanga.

"Ni bwana yangu! Skrini ni yetu! Mnaniulia bwana yangu!"

Mikono ikasimama.

"Banange, kumbe ni mambo ya nyumbani," alisema mwenye tofali. Akalitupa, akajipangusa kwenye suruali, akarudi kwenye mzigo wake wa sabuni. Hakuna aliyeomba radhi.

Hospitalini walimshona Oyat taya na kumfunga jicho la kushoto. Dada yake, Akwero, alipiga magoti mbele ya Safinah, ambaye naye mkono ulikuwa umening'inizwa shingoni.

"Dada, wanasema ulimfunika na mwili yako. Mungu akubariki. Na huyo aliyemwitia watu, Mungu amuonyeshe."

"Amina," alijibu Safinah. Oyat mwenyewe alipoweza kuongea aliuliza tu kama bega la Safinah linauma. Hakuuliza ni nani aliyepiga ukelele. Kila siku Safinah aliingia na ukweli wake kooni, na kila siku alitoka nao. Mwishowe akaacha kwenda. Alimpenda mno, na ndiyo maana hakuweza kumtazama.

Baada ya miezi miwili simu ikalia.

"Mbona umenipotea?"

"Kazi, Oyat."

"Kazi gani bila skrini?" Alicheka kidogo, kwa taya lisilofunguka vizuri. "Nimerudi dukani. Njoo tuchague tena. Leta na kawa."

Alikwenda. Oyat alikuwa amekonda, na kovu lilishuka kutoka kwenye jicho lililopoteza nuru. Akafungua ile picha ya zamani kwenye skrini mpya, akaweka kawa pembeni, akainama kwa jicho lake zima.

"Rangi hazilingani."

"Wapi?"

"Hapa kwa ukingo. Kwa kawa kuna kahawia. Kwa skrini hakuna."

Safinah alikuwa amelifua kawa lile mara tatu.

"Skrini haina makosa," alisema. "Hiyo ni damu yako. Imekataa kutoka." Kisha, huku wateja wakiwapita wakiwasukuma, akasema yote. "Na ni mimi, Oyat. Mimi nilipiga kelele. Sikukujua na ile kavera. Mimi ndiye nilikuita mwizi."

Ngumi ya Oyat ilijikunja juu ya meza mpaka mishipa ikasimama. Safinah hakurudi nyuma. Kama angempiga, angepokea.

"Nilijua," alisema Oyat.

"Nani alikuambia?"

"Wiki tatu nasikia sauti yako kwa simu, nitaisahau? Nilikuwa chini pale, nikasikia unaniita mwizi. Halafu sauti ile ile ikaniita bwana yake. Yote nilisikia."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja useme. Ulipoacha kuja, karibu nikuache kabisa." Ngumi ikafunguka polepole. "Nisikudanganye, Safinah. Simu ikilia nikisikia wewe, mwili inashtuka kwanza. Moyo inafurahi nyuma. Labda itakuwa hivyo miaka mingi. Utaweza kukaa na mtu kama huyo?"

"Unaniuliza nini?"

"Hiyo hiyo. Ulisema mimi bwana yako, mbele ya watu. Nataka iwe kweli."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Safinah, na bado akacheka. "Kaka yangu Abdul-Latif akisikia ni Mwacholi, atakuua."

"Kikuubo nzima ilijaribu."

"Ndiyo, basi," alisema. "Nitaweza. Nataka."

Oyat akalisogeza kawa kando. "Siku ile uliniita mwizi, ukaniita bwana. Jina yangu hukuita. Ita sasa. Kwa nguvu, kama siku ile, mpaka mwili izoee."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Safinah akavuta pumzi mpaka bega likamuuma.

"Oyaaat!"

Jengo likanyamaza. Mchukuzi mmoja akatua mzigo wake, akageuka. Oyat alitetemeka mwili mzima, na mikono yake ikaruka yenyewe kufunika kichwa. Safinah akataka kumkimbilia, lakini Oyat alimtikisia kichwa kwamba asisogee. Akashusha mkono mmoja. Baada ya muda akashusha na wa pili, akashika ukingo wa meza.

"Tena," alisema.