Joto la Ivan

Agripina aliposhika sanamu ile ili aifute vumbi, ilikuwa na joto. Kitongoji chao cha Spånga, huku ughaibuni kaskazini, hakikuwa kimeona jua wiki nzima, na rafu ilikuwa mbali na kipasha joto. Lilikuwa joto la paji la uso wa mtoto mwenye homa.

Mumewe, Method, alisomea uhandisi Moscow ujanani, na tangu astaafu alikuwa akikusanya sanamu za shaba za wafalme wa Urusi, kichwa na mabega. Petro na Katarina walikuwa baridi pale rafuni. Ivan peke yake, aliyenunuliwa majuzi kwenye mnada wa vitu vya marehemu, ndiye aliyekuwa na joto.

“Baba Alma, hebu iguse hii.”

Method aliigusa, akatabasamu. “Ananizoea.”

Kisha akamshika mkewe bega, na Agripina akahisi ubaridi wa vidole vyake ukipenya nguo.

Tangu siku hiyo sebule ilianza kunuka nywele zilizoungua. Alasiri, giza la Desemba lilipokwisha kuingia, Agripina alisikia meno yakisagana rafuni, na Method alikaa mbele ya sanamu akiongea Kirusi, akinyamaza kidogo kama anayejibiwa, kisha akiitikia kwa kichwa.

“Pappa, sluta,” binti yao Alma alimsihi aache. Hakugeuka.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alibadilisha vipimajoto kwa kuwa kila kimoja kilisoma chini mno, akasema mzee ale vizuri na avae sweta.

Agripina alisali rozari mpaka sauti ikakauka. Mwishowe alimpigia simu Khalfan wa kitongoji cha Hagsätra, rafiki wa Method wa siku nyingi, ambaye watu humwita awasomee wagonjwa wao.

Khalfan alisoma sikioni mwa Method, taratibu, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ilivyozidi, vioo vya madirisha vikajaa ukungu, meno yakasagana kwa kasi, mpaka sauti isiyo ya Method ikatoka kinywani mwa Method bila midomo yake kutikisika.

“Mimi si Ivan. Nilikaa tu ndani ya shaba. Huyu alinifuta uso kila asubuhi, akaniita mfalme.”

“Toka,” Khalfan alisema.

“Anitoe yeye.”

Khalfan aliinama. “Ndugu yangu, mwambie atoke. Neno moja tu.”

Method alifungua kinywa. Machozi yalimtiririka, koo likapanda na kushuka, na Agripina, aliyekuwa amemshika mabega akinong’ona sema, baba, sema tu, aliona taya la mumewe likifungwa polepole, kama droo inayosukumwa na mkono wa mtu mwingine.

“Shemeji,” Khalfan alisema kwa sauti ya chini, “nimeshindwa. Tuitoe sanamu, labda.”

Alipoinyanyua alisita. Ilikuwa baridi, tena nyepesi kama chungu kitupu.

Walimtazama Method. Alikuwa ameketi wima kwenye kochi, rangi imemrudia, macho makavu. Agripina alikaa kando yake, akamshika mkono. Ulikuwa unawaka.

“Mume wangu?”

Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwona mtumishi mpya.

“Nani amekuruhusu ukae?”

Agripina alitaka kumwita jina lake. Alitaka kumwambia hapa ni kwangu. Magoti yake yalinyooka yenyewe, akasimama.